Mabano Yanayosimulia Safari

Fungua kitabu cha mimea kilichoandikwa kwa wataalamu, na baada ya kila jina la Kilatini utakuta vifupisho vya majina ya watu. Vingine viko wazi, vingine vimefungiwa ndani ya mabano: Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh. Nilipokuwa kijana nikijitolea kwenye hebaria, yaani ghala ya mimea iliyokaushwa na kushonwa kwenye karatasi, nilikuwa nayaruka mabano hayo kama mtu anayeruka dimbwi. Kazi yangu ilikuwa gundi, sindano, uzi na lebo. Watu waliokufa zamani walinihusu nini?

Ikafika wiki niliyomaliza kuandika lebo sitini na kitu za Saintpaulia ionantha, kwa mkono, kwa wino usiofutika, mwandiko nimeutuliza kama wa kadi ya mwaliko. Msimamizi wetu, mama mtu mzima asiyependa kupaza sauti, akapita, akaichukua moja, akaisoma, akairudisha mezani taratibu.

"Vizuri, mwanangu. Ila huyu amehama."

Amehama kwenda wapi, na mmea wenyewe umekauka na kushonwa? Akachukua penseli, akaandika pembeni lile jina refu la Streptocarpus. "Aliye ndani ya mabano ndiye aliyempa jina mara ya kwanza," akasema. "Aliye nje ndiye aliyemhamishia jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zenye undugu, lile neno la kwanza la jina. Ukiona mabano, jua pana safari."

Nilikasirika, sifichi. Na hasira ile naikuta hadi leo kwa wapenzi wa bustani, walimu, hata wakulima: hawa wataalamu hawana kazi, kila wakiamka wanabadilisha majina. Imenichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimekasirikia jambo lisilo lenyewe.

Tuanze na huyo aliyehama. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni wa Kijerumani huku Tanga, alituma kwa baba yake Ujerumani mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza kuwa jenasi mpya kabisa. Jina la jenasi likawa la ofisa, Saintpaulia; la spishi likawa ionantha, yaani wenye maua kama urujuani. Wajerumani wenyewe huuita urujuani wa Usambara, na sijui kwa nini heshima hiyo ya milima haikuingia kwenye Kilatini. Mmea ukasambaa madirishani dunia nzima.

Wendland alikuwa na haki ya kuona kitu kipya. Ua lake ni bapa, limefunguka kama sahani, katikati pana vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano kali. Jirani zake wa Afrika na Madagaska, wale wa jenasi Streptocarpus, wengi wana ua la bomba, kama tarumbeta ndogo, na tunda lao limejisokota kama kamba. Hilo ndilo lililowapa jina: kwa Kigiriki ni tunda lililosokotwa. Saintpaulia haina bomba la maana wala tunda la kusokotwa. Ukiwaweka mezani bega kwa bega, hata mtoto atawatenganisha.

Kisha vikaja vinasaba. Watafiti walipolinganisha chembechembe za urithi za mimea hii, Saintpaulia haikusimama kando ya Streptocarpus kama binamu. Ilikutwa imekaa katikati yao. Kuna Streptocarpus ambao kwa damu wako karibu zaidi na Saintpaulia kuliko walivyo karibu na Streptocarpus wenzao.

Hapa nitumie lugha ya ukoo, kwa maana ndiyo iliyonifungua macho. Chukua bibi mmoja aliyezaa mabinti watano, kila mmoja akazaa. Ukitaka kuandika uzao wa bibi huyo, unawaandika wote. Huwezi kuwaruka watoto wa binti wa tatu kwa kuwa tu wamekuwa warefu au wamehamia mbali, kisha uite orodha hiyo "uzao wa bibi". Ukiwaruka, ulichoandika ni orodha ya wajukuu wanaofanana, na ukoo haupo tena. Jenasi ya leo inadaiwa kitu hicho kimoja: iwe ni bibi pamoja na wote waliotoka tumboni mwake, bila kuachwa hata mmoja. Streptocarpus bila Saintpaulia ilikuwa imewaacha watoto wa binti wa tatu.

Cha ajabu, kromosomu, zile nyuzi za seli zinazobeba vinasaba, zilikuwa zinasema hivyo kitambo. Streptocarpus wamegawanyika katika makundi mawili makubwa: moja lina hesabu ya msingi ya 16, jingine 15. Saintpaulia ina 15, na ndani ya kundi la 15 ndimo vinasaba vilipoikuta. Ushahidi ulikuwepo, macho yetu yalikuwa kwenye ua.

Na ua, nimekuja kuamini, ni shahidi mbaya kuliko wote. Tangu Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi wa karne ya 18, tumezoea kuainisha mimea kwa maua kwa kuwa maua ni rahisi kuhesabu: petali ngapi, stameni (viungo vya chavua) ngapi, zimekaa wapi. Lakini ua halikuumbika ili lisomwe na sisi. Linazungumza na nyuki, nondo, ndege, na mazungumzo hayo hubadilika haraka. Saintpaulia haina nekta ya kumpa mgeni, ina chavua tu, na chavua hiyo hutolewa na nyuki anayeishika stameni na kuitetemesha. Kwa biashara ya namna hiyo bomba refu halihitajiki. Ua bapa linatosha. Basi ukoo ukibadilisha mteja, duka linabadilika sura ndani ya vizazi vichache kwa hesabu ya mageuzi, na mwanabotania anayepita anadhani mwenye duka ni mwingine.

Tunda nalo halikuaminika. Kulikuwa na spishi chache za Asia zilizowekwa ndani ya Streptocarpus kwa sababu zina tunda lililojisokota barabara, kama jina linavyotaka. Vinasaba vikaonyesha hazina undugu wa karibu na hawa wa Afrika; kujisokota kumetokea zaidi ya mara moja, huku na kule, bila kuambizana. Zikaondolewa, zikapelekwa jenasi ya Damrongia. Kwa hiyo wenye tunda la kusokotwa wamefukuzwa katika jenasi inayoitwa tunda la kusokotwa, na asiye nalo amekaribishwa. Nilicheka peke yangu nilipolielewa hilo, na ndipo hasira ya zile lebo ilipoanza kupoa.

Mwaka 2012 Maarten Christenhusz, yule aliye nje ya mabano, alichapisha jina Streptocarpus ionanthus, na mwaka 2015 kundi la watafiti likawakusanya ndugu hao wote wa Afrika na Madagaska, Saintpaulia pamoja na jenasi nyingine ndogo kadhaa, ndani ya Streptocarpus moja. Ona pia mkia wa jina: ionantha imegeuka ionanthus, maana Kilatini kina ngeli zake na kivumishi hufuata nomino. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tunasema mtu mrefu, mti mrefu, kitu kirefu, na hakuna anayeshangaa.

Lakini kuna hatua moja nimeiruka, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Kujua kwamba Saintpaulia imo ndani ya Streptocarpus ni jambo la ushahidi. Nini kifanyike baada ya kujua ni jambo jingine kabisa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuimeza Saintpaulia. Ya pili, kuiacha hai na kuivunja Streptocarpus vipande vipande, kila kipande kikipewa jina lake, hadi kila jenasi iwe ukoo mzima. Njia zote mbili ni halali mbele ya mti uleule wa ukoo. Vinasaba vinakuchorea mti. Havikuonyeshi pa kukata. Anayekata ni mtu, kwa hukumu yake, kwa kupima faida na usumbufu. Watu wakigombana kuhusu majina mapya hudai wanagombania sayansi. Mara nyingi wanagombania msumeno.

Mfano safi wa hesabu ya msumeno ni rozimeri. Kwa karne mbili na nusu iliitwa Rosmarinus officinalis. Utafiti ukaonyesha imo ndani ya Salvia, jenasi kubwa ya spishi karibu 1,000, pamoja na jenasi nyingine nne ndogo. Mwaka 2017 wataalamu wa kundi hilo walipiga hesabu hadharani: tukizimeza jenasi hizo tano, spishi 15 ndizo zitabadilika jina, tukiivunja Salvia, tutabadilisha mamia. Wakachagua 15. Ni hoja ya huruma kwa watu wengi, na naikubali moja kwa moja. Sasa ni Salvia rosmarinus. Haikuweza kuwa Salvia officinalis kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeshakaliwa na mmea mwingine. Ikachukua jina ambalo mtaalamu wa mimea Spenner alikuwa ameshalichapisha mwaka 1835, likakaa likisubiri. Nalo halina mabano, maana lilizaliwa humohumo ndani ya Salvia.

Nyanya ina hadithi ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni ya kwenda na kurudi. Mwaka 1753 Linnaeus aliiita Solanum lycopersicum, akaiweka jenasi moja na kiazi mviringo, bilingani na mnavu. Mwaka uliofuata tu, 1754, Philip Miller, mtunza bustani mkuu wa Chelsea, London, akaitoa na kuipa jenasi yake, Lycopersicon. Wala hakuwa mjinga: vifuko vya chavua vya nyanya vimeungana kama pia na hupasuka kwa mfuo mrefu, ilhali Solanum wengi hutoa chavua kwa kitundu cha nchani, kama chupa ya chumvi. Dunia ikamfuata Miller zaidi ya miaka 200. Mwaka 1993 vinasaba vya kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vya seli ya mmea, vikasema nyanya ni jirani wa mlango kwa mlango na kiazi, katikati kabisa ya Solanum, na Linnaeus akarudishiwa mtoto wake. Hapa pia hakuna mabano, kwa kuwa jina la sasa ni lile la 1753. Mmea umesafiri, lakini jina halionyeshi vumbi la njia.

Ninachokumbuka kila nikiisimulia ni kwamba Kiswahili hakikuhama. Tuna nyanya, tuna nyanya chungu, ambayo ni Solanum aethiopicum, ndugu wa bilingani. Huku vitabu vya Kilatini vikiiweka nyanya jenasi moja na nyanya chungu nyingine, mwenye shamba alikuwa anaziita kwa jina moja la ukoo na kivumishi. Sitaki kulikuza jambo hili. Majina ya watu hufuata sura na matumizi, na mara nyingi hukosea. Safari hii yalipata.

Na sasa migunga, ambako msumeno ulitoa cheche. Jenasi Acacia ilitangazwa na Miller huyohuyo, katika kitabu hichohicho cha 1754. Ikakua hadi ikawa na spishi zaidi ya 1,300 Afrika, Asia, Amerika na hasa Australia. Utafiti ulipoonyesha kwamba si ukoo mmoja, ilibidi igawanywe, na hapo likaja swali: nani anabaki na jina? Kanuni za kutaja mimea zina jibu la kawaida. Kila jina la jenasi limefungwa kwenye spishi moja ya msingi, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na jina huenda kigingi kinakoenda. Kigingi cha Acacia kilikuwa kwenye mgunga wa Afrika na Asia, ule uliojulikana kama Acacia nilotica. Kwa utaratibu huo wa kawaida, migunga ya huku ilikuwa ibaki Acacia, na ile ya Australia, karibu spishi 1,000, ipewe jina jingine, Racosperma.

Mwaka 2003 ikapelekwa hoja ya kukihamisha kigingi chenyewe hadi kwenye spishi ya Australia, kwa hesabu ileile ya idadi: majina machache yabadilike. Kamati zikaiunga mkono. Kwenye kongamano la kimataifa la wanabotania mjini Vienna mwaka 2005, karibu asilimia 55 ya kura zilipinga, lakini ili kuikataa hoja ya kamati zilihitajika asilimia 60. Ikapita. Mjini Melbourne mwaka 2011 suala likarudi, na uamuzi ukashikiliwa. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika Vachellia na Senegalia, majina mawili ya miaka ya 1830 yaliyokuwa yamelala.

Kwa rozimeri niliafiki hesabu. Hapa kifua kinanibana, na sitaki kujifanya mantiki yangu imenyooka. Ni hesabu ileile. Lakini neno Acacia lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la mwiba, na spishi nyingi za Australia hazina miiba. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walisema hapana na ikawa ndiyo. Idadi ya spishi ni kipimo kimoja. Upana wa ardhi na wingi wa watu wanaoishi na mti huo ni vipimo vingine, na hivyo havikuingia kwenye mizani kwa uzito uleule.

Hata hivyo mgawanyo wenyewe, tofauti na jina, ni mzuri ajabu. Vachellia wana miiba miwiliwili, mara nyingi iliyonyooka, chini ya jani. Senegalia wana vikucha vifupi vilivyopinda. Yeyote aliyewahi kupita kichakani anazijua jenasi hizi mbili kwa ngozi yake: mmoja anakuchoma, mwingine anakushika nguo na hakuachii. Baadhi ya hao washikaji, kama Senegalia mellifera na Senegalia senegal, kwa Kiswahili huitwa kikwata, ingawa jina la mgunga nalo huwafikia.

Watu huuliza: nani basi ameamua rasmi kwamba Saintpaulia si Saintpaulia tena? Hakuna. Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kulimeza kuliko yote. Kanuni za kimataifa hutawala majina: lipi lilichapishwa lini, lipi lina haki ya kwanza, kigingi kiko wapi. Hazimwambii mtu spishi ikae jenasi gani. Jina la zamani halifutwi. Linageuka kisawe, na mtu akiona hoja ya kuhama ni dhaifu anaweza kuendelea kulitumia bila kuvunja sheria yoyote. Kinachotokea ni kwamba hifadhidata, hebaria na waandishi wa vitabu hukubaliana polepole, au hukataa. Maua ya krisanthemu yalipelekwa jenasi ya Dendranthema, watu wa bustani wakapiga kelele, na mwaka 1999 kigingi kikahamishwa ili yarudishiwe jina lake. Pareto, iliyokuwa nayo Chrysanthemum, haikurudi, imebaki Tanacetum.

Wala mti wa vinasaba si msahafu. Kloroplasti katika mimea mingi ya maua hurithiwa upande wa mama tu. Mimea huzaa na jirani wa spishi nyingine kuliko tunavyodhani, na mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuacha kloroplasti ya ukoo mmoja ndani ya mmea ambao kwa mambo mengine yote ni wa ukoo mwingine. Mtafiti akisoma kloroplasti peke yake atamwandikia mtoto ukoo usio wake. Ndiyo maana hoja ya kuhamisha jenasi inayotegemea kipande kimoja cha vinasaba naisoma nikiwa nimekunja uso, na ile inayoleta pia vinasaba vya kiini cha seli, kromosomu na umbo la mmea, naisoma nikiwa nimekaa vizuri. Uhamisho wa mapema ni mbaya kuliko kuchelewa. Atakayeurudisha ataongeza jina la tatu, na wenye lebo watalipia.

Zile lebo zangu sitini na kitu hazikutupwa. Mama yule alinizuia. Katika hebaria jina likibadilika, la zamani halikwanguliwi. Unaandika kikaratasi kidogo, jina jipya, nani kaamua, mwaka gani, unakibandika karibu na cha kwanza. Akanionyesha karatasi ya zamani ya mgunga, imejaa vikaratasi hivyo kama ukuta wa matangazo. Cha chini kabisa, kwa wino uliofifia, Mimosa nilotica, maana Linnaeus aliiweka huko mwaka 1753. Juu yake Acacia nilotica, kwa miandiko miwili tofauti. Juu kabisa palikuwa na nafasi tupu.

"Andika wewe," akasema.

Nikachukua penseli safari hii. Vachellia nilotica, kisha mabano, na ndani ya mabano herufi moja tu, L., ya yule aliyekuwa ndani tangu mwanzo.